Waliolala Chini ya Maji: Khabari za Wadi Halfa na Makaburi ya Jebel Sahaba

Nchi ya Nuba ni ule ukanda mwembamba wa Mto Nili uanziao Aswan, kusini mwa Misri, na kupanda ndani ya Sudan hata kuupita mji wa Dongola. Waislamu waijua tangu zamani. Katika mwaka wa 31 wa Hijria, yaani mwaka 652, liwali wa Misri Abdallah bin Saad bin Abi Sarh aliingia na jeshi mpaka Dongola, na baada ya vita vikali pande mbili zikapatana kwa mkataba ulioitwa Baqt, nao ukadumu karibu karne sita. Waandishi wa Kiarabu waliwapa Wanuba jina la wapiga mishale ya macho, kwa kuwa walikuwa wakilenga jicho la askari, na askari wengi walirudi Misri wakiwa na jicho moja. Msomaji aiweke akilini khabari hii ya mishale, kwani tutakutana nayo tena, katika zama zilizotangulia hiyo Baqt kwa miaka zaidi ya elfu kumi.

Mimi nilipita huko mwaka 2012, nikitoka Khartoum kwenda Misri. Wakati ule barabara ya kuvukia mpaka ilikuwa bado kufunguliwa, na kila msafiri wa nchi kavu alilazimika kuteremka Wadi Halfa, ukingoni mwa ziwa, angoje meli iendayo Aswan mara moja kwa wiki. Njia hii si ngeni kwa watu wetu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 vijana wengi wa Afrika Mashariki walipanda Nili kwa njia hiyo kwenda Kairo kutafuta elimu, wengine wakienda kwa magari ya mizigo, wengine kwa treni, na wengine kwa miguu yao wenyewe baadhi ya njia. Lakini Wadi Halfa waliyoiona wao siyo niliyoiona mimi. Ile yao imo chini ya maji tangu mwaka 1964. Hii ya sasa ni mji ulioanzishwa na wale waliokataa kuhama, ambao kila maji yalipopanda walibeba mabati na mbao zao wakajenga upya mbele kidogo, mpaka maji yalipotulia nao wakatulia.

Nyumba ni za chini, rangi ya mchanga, na vilima vyeusi vimesimama nyuma yake kama ng'ombe waliolala. Mvua ni kitu cha kusimuliwa. Joto la mchana siliwezi kulieleza kwa mtu wa pwani aliyezoea upepo wa kusi. Mtu hutafuta kivuli cha ukuta, na ukuta wenyewe unawaka. Nilikaa siku tatu nikingoja meli, na siku hizo tatu ndizo zilizonifanya niulize ni kitu gani kilichozamishwa hapo, na kwa ajili gani.

Kilichozamisha ni umeme, au tuseme umeme pamoja na kilimo. Bwawa la kwanza la Aswan lilimalizika mwaka 1902, kisha likaongezwa kimo mara mbili, mwaka 1912 na mwaka 1933, na kila lilipoongezwa Wanuba wa upande wa Misri walihamisha nyumba zao juu kidogo. Ama Bwawa Kuu, hilo ni jambo jingine. Kazi yake ilianza Januari 1960 ikamalizika mwaka 1970. Ukuta wake una urefu wa mita 3,830 na kimo cha mita 111, na ndani yake mna mitambo 12, kila mmoja wa megawati 175, jumla megawati 2,100. Mitambo ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 1967, ukapelekwa Kairo kwa nyaya za volti 500,000, na wakati mmoja karibu nusu ya umeme wote wa Misri ulitoka hapo. Nyuma ya ukuta huo likazaliwa ziwa la urefu wa kilomita 500 hivi, ambalo Wamisri huliita Ziwa Nasser na Wasudani huliita Ziwa la Nuba, kila mtu na upande wake. Mimi sitaki kulaumu. Aliyewahi kudurusu kwa mwanga wa koroboi ajua thamani ya taa, na Misri ilikuwa na vijiji vingi visivyojua taa wala maji safi. Lakini kila kitu kina bei yake, na bei hii ililipwa na watu waliokuwa hapo, walio hai na walio makaburini.

Kabla maji hayajapanda, ulimwengu ulipewa muda wa miaka michache. Tarehe 8 Machi 1960 mkuu wa UNESCO, Vittorino Veronese, aliyaomba mataifa yote yasaidie kuokoa athari za Nuba. Wakaja watu kutoka nchi nyingi. Khabari iliyoenea zaidi ni ya mahekalu ya Abu Simbel, ambayo yalikatwa vipande zaidi ya 1,000 baina ya mwaka 1964 na 1968, yakapandishwa juu mita 65 na kusogezwa nyuma kama mita 200, kwa gharama ya dola kadiri ya milioni 40. Wapolandi wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walifukua kanisa la kale la Faras, ambalo kuta zake zilijaa picha za rangi, wakazibandua picha hizo na kuzigawa baina ya Khartoum na Warszawa. Ngome ya matofali ya udongo ya Buhen, iliyochimbwa na Mwingereza Walter Emery, haikuweza kubebwa. Hekalu lake lilihamishiwa Khartoum, na ngome yenyewe ikayeyuka majini.

Hayo yote ni mambo ya wafalme, na hekalu la mfalme huonekana na kila mwenye macho. Lakini nani ataona kibanzi cha jiwe juu ya mchanga? Wito wa mwanzo uliwafikiria zaidi wafalme na mahekalu yao. Watu wa zama zile ambazo hapakuwa na mfalme wala maandishi, walioishi kando ya Nili kwa uvuvi na uwindaji, hawakuwa na mtu wa kuwasemea, kwani hawakuacha jengo wala jina. Ndipo baadhi ya wataalamu walipoona kwamba miaka michache ikipita bila mtu kuitazama ile mitelezo ya changarawe, basi khabari za watu hao zitafungwa kabisa. Mwaka 1962 likaundwa kundi la wachunguzi wa zama hizo, chini ya uongozi wa Mmarekani Fred Wendorf. Walikuwamo Wamarekani, na Waldemar Chmielewski kutoka Poland, na Jean de Heinzelin kutoka Ubelgiji ambaye alikuwa bingwa wa kusoma matabaka ya ardhi, na Mmisri Rushdi Said naye alishirikiana nao katika elimu hiyo hiyo ya ardhi.

Kazi yao haikuwa na fahari yoyote. Walitembea mguu kwa mguu jangwani wakitazama chini. Palipoonekana vibanzi vingi vya mawe makali pamoja, walifunga kamba kugawa mahali pale miraba, wakaondoa mchanga kwa mwiko mdogo wa mwashi na brashi, na kila kilichoondolewa kikapitishwa katika chekecheke ili hata mfupa wa samaki usipotee. Mwenye elimu ya ardhi akasoma kuta za shimo. Matabaka ya matope ya Nili yamelala mamoja juu ya mengine kama kurasa za kitabu, nayo yaonyesha wakati mto ulipokuwa juu na wakati uliposhuka. Kisha makaa ya moto wa kale yakachukuliwa kupimwa. Kila kiumbe hai hujipatia kaboni, na baada ya kufa sehemu fulani ya kaboni ile hupungua kidogo kidogo, nusu yake kwa kila miaka 5,730 hivi. Kwa kupima kilichobaki hujulikana muda uliopita. Elimu hii ilikuwa haijatimiza hata miaka ishirini wakati ule. Lau bwawa lingejengwa mwaka 1930, vibanzi vingeokotwa pengine, lakini umri wake usingejulikana.

Waliyoyapata yalizidi walivyotarajia. Penye kijiji cha Tushka, upande wa Misri, walikuta mawe ya kusagia ya watu walioishi zaidi ya miaka elfu kumi kabla ya Firauni wa kwanza, na vibanzi vyenye mng'aro ule ambao jiwe hupata likikata majani magumu mara nyingi. Watu wale hawakuwa wakulima. Hata hivyo walikuwa wakikusanya majani ya mwituni yenye punje na kuzisaga. Hapo hapo Tushka makaburi mengine yaliwekewa alama ya pembe za ng'ombe mwitu, moja kwa moja juu ya maiti, kama sisi tuwekavyo jiwe la kichwani.

Na kaskazini kidogo ya Wadi Halfa, upande wa mashariki wa mto, penye kilima kiitwacho Jebel Sahaba, walikuta makaburi yaliyopewa nambari 117 katika daftari lao. Uchimbaji mkubwa wa hapo ulifanyika mwaka 1965 na 1966, wakati mji wa Wadi Halfa ulikwisha zama na maji yanazidi kupanda. Ikiwa msomaji atauliza haraka ilikuwa ya namna gani, basi haraka ilikuwa hiyo.

Maiti walikuwa wamefunikwa kwa mabamba ya jiwe. Sisi hutia kiunza juu ya mwanandani ili udongo usimguse maiti; wao walitia bamba la jiwe. Walilazwa kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, kichwa mashariki na uso kusini. Wengi walifuata taratibu moja, na kwa hiyo twajua kwamba walikuwa watu wenye desturi, waliofunzwa na wazee wao jinsi ya kumsitiri mfu. Lakini walipoanza kuondoa mchanga katika mifupa, wachimbaji waliona vibanzi vya jiwe. Viko baina ya mbavu, viko kwenye uti wa mgongo, vingine vimejikita ndani ya mfupa wenyewe. Havikuwa zawadi za maiti. Vilikuwa ncha za mishale na mikuki, zilizoingia mwilini na kubaki humo nyama ilipooza. Ipo picha mashuhuri ya watu wawili waliozikwa pamoja, na wapiga picha wameweka penseli kuelekeza kila mahali palipo na kibanzi. Mtu akizitazama penseli zile huacha kuzihesabu upesi.

Kwa miaka mingi watu walisema kwamba hapo palipiganwa vita moja kubwa, na watu wa kabila zima wakauawa siku moja. Khabari hiyo ilipendwa, kwa kuwa watu hupenda khabari ya vita vya kwanza duniani. Mifupa ilihifadhiwa na Wendorf huko Marekani, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Texas, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikapewa British Museum ya London. Huko ikachunguzwa upya kwa vyombo ambavyo mwaka 1966 havikuwako, na mwaka 2021 wataalamu wakiongozwa na Isabelle Crevecoeur walitoa matokeo yao. Kati ya watu 61, watu 41 walikuwa na alama ya jeraha angalau moja. Na majeraha hayo si ya siku moja: wengine walikuwa na jeraha lililopona, mfupa umeunga, kisha jeraha jipya juu yake. Walipigwa wanaume, wanawake na watoto pia. Umri wa makaburi si chini ya miaka 13,400. Basi haikuwa vita moja. Ilikuwa ni mashambulizi ya mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, watu wakivamiana, wakizika, wakivamiana tena. Wataalamu hao wadhani sababu ni dhiki ya hali ya hewa mwishoni mwa zama za barafu, wakati bonde la Nili lilipobadilika na mahali pa kupata chakula pakawa pachache. Watu waligombea ufuo.

Mimi nilipoyasoma hayo nilikumbuka wale wapiga mishale ya macho. Sisemi kwamba hawa ni babu za wale. Hilo hakuna awezaye kulithibitisha kwa umbali huo wa miaka. Nasema tu kwamba ukingo ule wa mto umejua mshale kwa muda mrefu sana.

Sasa nirudi melini, kwani huko nilikutana na mtu aliyenitia katika fikra ambazo hazijaniondoka. Alikuwa mzee wa Kinuba, kilemba cheupe, mtulivu, akienda kuwatazama jamaa zake wa upande wa Misri. Alisema Kiarabu cha taratibu ili nimfahamu. Alizaliwa katika ile Wadi Halfa iliyozama, na treni ilipowachukua mwaka 1964 alikuwa kijana wa miaka kumi na mbili. Kuhama kulianza Januari mwaka ule, na Wanuba wa Sudan wapatao 50,000 wakapelekwa mbali kusini-mashariki, Khashm el-Girba penye mto Atbara, mahali panapopiga radi na kunyesha mvua nzito, nao walikuwa watu ambao mvua hawakuijua. Idadi kama hiyo ya upande wa Misri wakapelekwa Kom Ombo. Jamaa moja ikawa pande mbili za jangwa.

Alinieleza siku ya mwisho. Watu hawakulilia nyumba, alisema, wala mitende, ingawa mitende ndiyo mali yao. Waliamkia makaburini. Walifagia, wakamwaga maji juu ya makaburi kama ilivyo desturi yao, wakasoma Fatiha, na hapakuwa na mtu aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Nyanya yake alifunga udongo wa kaburi la mumewe katika kitambaa, akaubeba. Hassan Dafalla, aliyekuwa mkuu wa wilaya ile na msimamizi wa uhamisho huo, ameyaandika mambo ya siku zile katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1975, naye hakuficha majonzi ya watu wala yake mwenyewe.

Nami nikamhadithia mzee khabari za Jebel Sahaba, nikidhani nampa jambo jipya. Akatabasamu. Alikuwa akizijua. Akaniambia, "Ya ustadh, nakuuliza. Wale wasiojulikana dini yao wala jina lao walifukuliwa kwa brashi, wakatiwa katika masanduku, wakapelekwa Ulaya, nao hawakulowa. Baba yangu, aliyekuwa akiswali safu ya kwanza, yuko pale chini ya meli hii. Ni yupi kati yao aliyehifadhiwa?"

Nikamuuliza, "Ya hajj, ungependa baba yako afukuliwe?"

Akasema, "La, wallahi. Nisingependa." Kisha akanyamaza, akatazama maji kwa muda, akaomba birika kutia udhu.

Nimelipima swali lake mara nyingi. Sheria yetu yatukataza kuufanyia mfupa wa maiti tusiloweza kumfanyia aliye hai, na kaburi halifunguliwi ila kwa dharura. Hata hivyo dharura ya maji si mpya kwetu. Imamu Malik ameitaja katika Muwatta khabari ya masahaba wawili waliokufa Uhud, Amr bin al-Jamuh na Abdallah bin Amr, ambao walikuwa katika kaburi moja, mafuriko yakalila, wakahamishwa baada ya miaka arobaini na sita, nao wakaonekana kama waliokufa jana. Basi kumhamisha mfu ili maji yasimchukue si kumvunjia heshima. Kinachobaki ni namna ya kumhamisha na mahali pa kumweka. Nami naona, na mwenye elimu zaidi anisahihishe, kwamba wale wa Jebel Sahaba walistahili kuhamishwa sawasawa na hekalu la Abu Simbel, na zaidi. Jiwe la mfalme lisingeumia. Kilichonikera ni kwamba baada ya kufukuliwa walikaa katika masanduku miaka mingi bila kuchunguzwa kwa ukamilifu, na khabari isiyo kamili juu yao ikaenezwa duniani. Ukimwamsha mtu kaburini kwa ajili ya elimu, basi una deni la kuimaliza elimu hiyo.

Wapo wasemao mifupa ingebaki Khartoum, katika nchi yake. Ni neno la haki. Niliingia katika makumbusho yale ya Khartoum kabla ya kusafiri, nikaliona hekalu la Buhen bustanini, na mahekalu ya Semna pia, na picha za Faras kutani. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 makumbusho yale yalikuwa katikati ya mapigano, na jeshi liliporejea hapo mwaka 2025 vyumba vya hazina vilikutwa vimeporwa. Yaliyookolewa na maji hayakuokolewa na watu. Nayasema haya kwa uchungu, si kwa kuwasifu walioichukua mifupa London.

Usiku ule tulipita mbele ya Abu Simbel. Taa zimeelekezwa juu ya masanamu manne ya Firauni Ramses, na abiria wote wakakimbilia upande mmoja wa meli na simu zao, hata nahodha akatoa sauti. Mzee hakuinuka. Asubuhi tukafika Aswan, na juu ya bandari nikaziona nguzo za umeme zimesimama safu juu ya majabali, nyaya zake nene zikivuma sauti ile ya chini, zikielekea kaskazini. Nilifuata zilikokwenda mpaka Kom Ombo, kwa kuwa mzee alinialika kunywa chai kwa jamaa zake.

Kom Ombo nayo ina kisa ambacho watu wengi hawakitaji. Uwanda ule ulipochaguliwa kuwa mashamba ya Wanuba waliohamishwa, ilionekana kwamba nao umejaa mabaki ya zama za mawe, ambayo Mfaransa Edmond Vignard alikuwa ameyaokota tangu miaka ya 1920. Basi kabla trekta hazijasawazisha ardhi, wachunguzi wa Kanada chini ya Philip Smith, na wengine wa chuo kikuu cha Yale, walikwenda kuchimba huko mwaka 1962 na 1963. Yaani umeme uliwaondoa watu katika nchi yao, na kule walikopelekwa pia ilibidi waliotangulia waondoke kuwapisha. Nilikaa katika nyumba ya saruji iliyopangwa na serikali, mbali na mto, nikanywa chai ya jamaa wale, na watoto wao walikuwa wakisoma Kurani chini ya taa ya umeme. Sauti zao zilikuwa nzuri.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya Misri na Sudan peke yake. Huku kwetu pwani nyaya kubwa zimekwisha vutwa kutoka Rabai kupita Malindi na Garsen hata Lamu, na nguzo yoyote yataka shimo. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 yataka kazi za namna hiyo zichunguzwe kabla hazijaanza, na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 yamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Lakini sheria haina macho. Mwenye macho ni kijana anayeshika sururu, au mchungaji wa mbuzi, au mwenye shamba, ambaye ataona vibanzi vya mawe vimekusanyika mahali pamoja, au mfupa katika udongo wa rangi nyingine, akasema ngojeni kwanza. Nimewaonyesha wanafunzi wangu vibanzi vya namna hiyo, jinsi upande mmoja unavyokuwa na uvimbe pale jiwe lilipopigwa, na jinsi ukingo unavyokata hata leo. Mmoja akaniletea vitatu wiki iliyofuata kutoka shambani kwa babu yake. Nikamwambia akavirudishe palepale alipoviokota na aweke alama, kwa kuwa kibanzi kilichoondolewa mahali pake hubaki jiwe tu.

Na katika kaunti hii yetu ya Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, wachunguzi wa Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao wa nje waliona mifupa dhaifu mwaka 2013, laini kiasi cha kuvunjika ikiguswa. Hapakuwa na maji yanayopanda wala mtambo unaongoja. Walikwenda taratibu, na mwaka 2017 wakalitoa donge zima la udongo pamoja na kilichomo, wakalichunguza ndani ya nyumba, na mwaka 2021 wakatangaza. Ni mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wamempa jina la Mtoto. Shimo lake lilichimbwa kwa makusudi, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yameletwa kifuani, na kwa jinsi shingo yake ilivyolala waonelea kwamba kichwa kiliwekwa juu ya kitu laini mfano wa mto, kilichooza zamani.